Njia Zisizo na Kamera

4 Machi

Dada yangu, mwendesha greda,

Kama yupo dereva mwingine duniani anayeogopwa na kamera kama mimi, basi hajazaliwa bado, na mama yake bado yuko shule ya msingi. Nasema hivi kwa unyenyekevu. Nikikaribia mzunguko mkubwa, ile kamera ya juu ya mlingoti inageuza shingo na kujifanya inatazama ndege. Hapa mjini wananiita Rubani wa Lami. Sawa, nimejiita mwenyewe, lakini mwenye duka la magodoro ninayembebea mizigo amenisikia na hakukataa.

Ila mara mbili kamera hazikugeuza shingo. Nitafika huko, usinikimbize.

Kwanza hali. Mimi mzima, gari zima, Mzee mzima ukiacha jicho la kushoto, ambalo wewe na mimi tunajua lilishakwenda zake mwaka jana. La kulia linafanya kazi ya mawili na halijadai likizo. Bado anasoma gazeti kwa ile lenzi yake kubwa, bado ananiambia shati langu limekunjamana. Jana aliniona nikimwaga chai nusu kwenye ua, akiwa dirishani, hatua thelathini. Kwa hiyo ukiulizwa, jibu kwamba linaona kupita kiasi.

Sasa hizo mara mbili. Tangu uondoke wamefunga kamera kumi na moja. Nimezipa majina yote ili zisinizoee vibaya. Ya mzunguko mkubwa ni Shangazi, maana haikosi kitu na ikiona lazima ipeleke habari. Zile mbili za darajani ni Pacha. Ya mbele ya benki imevunjika kioo, naiita Chongo. Mzee aliposikia alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Nipeleke nikamsalimie mwenzangu."

Pacha ndio walianza. Walinipiga picha nikiwa na magodoro saba juu ya paa, wanadai nilikuwa mwendo wa sitini na mbili pahali pa hamsini. Dada, na upepo ule, magodoro yenyewe ndiyo yalikuwa yananivuta. Ya pili ni Shangazi, taa nyekundu. Taa ilikuwa ya njano nilipoitazama. Nilipomaliza kumtukana jamaa wa pikipiki ilikuwa imebadilika bila kunishirikisha.

Picha zimekuja kwa posta. Zimetoka vizuri, ungeweza kutia kwenye fremu. Kibao cha namba kinang'aa kama meno ya bwana harusi, kwa sababu mimi huwa nakifuta kila asubuhi. Ndiyo shida ya usafi. Faini nimelipa zote mbili kwa jasho langu. Lakini barua zinasema na alama zimeandikwa kwenye leseni, na leseni wameandika ni yako. Kamera haijui sura, inajua kibao tu, na kibao ni cha kwako. Ingejua sura ingeniona mimi na kunisamehe.

Basi ndiyo hivyo. Nimekwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu. Mdogo gani mwingine angefanya hivyo.

Mdogo wako,
Rubani

Mwanangu, amekula, nami nimekula. Usijichoshe. Baba.


14 Machi

Kwako Rubani,

Barua yako nimeipata leo Ijumaa, gari la mafuta lilipokuja. Nimeisoma nimekaa juu ya tairi la greda kwa sababu nikikaa kitandani ningelala kabla ya ukurasa wa pili. Tunaamka saa kumi alfajiri. Vumbi la huku haliishi kuoshwa, nimeacha kujaribu. Mtandao hakuna, na redio ya kambi ni ya ofisi. Kwa hiyo ni barua hizi tu, Ijumaa kwa Ijumaa. Gari likishashusha mafuta linageuza saa hiyohiyo, ukichelewa kuandika ni mpaka wiki nyingine.

Nisikilize sasa, na usicheke.

Alama ya tatu ndani ya mwaka mmoja, leseni yangu inasimamishwa miezi sita. Kampuni inakagua leseni zetu wote kila mwisho wa mwezi. Asiye na leseni hapandi mtambo, anapanda gari la mafuta na mizigo yake. Mwezi uliopita alishuka jamaa mmoja aliyefanya kazi hapa miaka minne.

Mimi sipendi greda, mdogo wangu. Mgongo wangu unajua kwamba sipendi. Niko huku kwa sababu kazi hii ina bima, na bima hii inamchukua na mzazi. Daktari alisema jicho la kushoto lilichanika ndani na la kulia lina udhaifu uleule. Alisema Mzee akiona vitu vyeusi vinaelea, au kama pazia linashuka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Bila bima hatuna pa kumpeleka. Umeelewa kamba imefungwa wapi? Kibao, leseni, kazi, bima, jicho.

Na jambo jingine. Kamera mpya hazitazami mwendo peke yake. Zinasoma kibao na kuuliza kompyuta kama gari limekaguliwa. Stika yetu inaisha tarehe 31 mwezi huu. Ikipita, hata ukienda mwendo wa konokono unahesabika. Peleka gari likakaguliwe mapema.

Usipigwe picha tena. Sikuombi.

Dada yako

Baba, nimeona mstari wako. Asante. Wewe ndiye mwenye barua fupi inayosomeka.


27 Machi

Dada mkali,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa heshima. Mzee naye aliisoma kwa lenzi yake, halafu akanitazama kwa lile jicho moja kwa muda mrefu. Ningependelea anitazame kwa mawili, labda ukali ungegawanyika.

Sasa pumzika. Tatizo lako nimelimaliza. Nimefanya kazi ambayo wahandisi wenye vyeti hawajafanya. Nimechora ramani ya mji mzima isiyo na kamera. Iko kichwani tu, sitaki ikamatwe. Kutoka nyumbani mpaka dukani napita nyuma ya kiwanda cha vigae, nakata kwenye uwanja wa shule, natokea kwa wauza mbao, halafu kuna kichochoro ambacho inabidi nikunje vioo vya pembeni kama masikio ya sungura. Kutoka dukani kwenda mtaa wa juu nazunguka machimbo ya kokoto. Watu waliozaliwa hapa hawajui kwamba njia hiyo inatokea upande wa pili. Nimewaonyesha madereva wengine wawili, mmoja akataka kunipa mkono, nikamwambia subiri zamu.

Wote wanaogopa, Dada, usidhani ni mimi tu. Asubuhi kwenye maegesho hatuzungumzi mpira tena. Ni kamera tu. Huyu anasema zinaona mpaka mkanda hujafunga. Yule anasema zinasikia. Dereva wa gari la taka ameapa kwamba zinajua ulikolala. Amenuna wiki nzima, na mke wake naye kanuna, nadhani zimeshamwambia.

Siku ya kwanza kwenye njia yangu nilitumia dakika hamsini kwenda pahali pa dakika kumi na tano. Sasa nimefika hamsini na tano, kwa sababu nimeongeza usalama. Kusema kweli nachoka. Makalio yanajua kila shimo kwa jina. Nikirudi jioni nalala na viatu, Mzee ananivua kama mtoto. Mwenye duka la magodoro analalamika kwamba wateja wanalala chini wakinisubiri. Nimemwambia wazoee, godoro jipya huwa tamu zaidi.

Ukaguzi usijali. Hiyo niachie mimi.

Rubani wa Lami, ambaye tangu barua yako hajapigwa hata picha ya pasipoti

Mwanangu, kweli anazunguka sana. Namsikia akirudi, injini inapumua kwa shida. Mimi sijambo. Baba.


4 Aprili

Rubani,

"Niachie mimi" si jibu. Gari limepita ukaguzi au halikupita? Niandikie neno moja.

Leo tumefanya kazi saa kumi na tatu. Jumatatu, mwisho wa mwezi, walikagua leseni. Yangu imepita, ikiwa na alama mbili. Msimamizi aliizungusha mkononi mara kadhaa kabla ya kunirudishia.

Neno moja tu.

Dada


10 Aprili

Dada,

Leo si mimi. Leo Mzee amesema atasema mwenyewe na mimi niwe karani. Anasema lenzi imemchosha. Nimekaa kwenye kigoda, yeye kitandani, ameegemea ukuta. Naandika kila anachosema bila kuongeza wala kupunguza, kwa hiyo makosa yote ni yake.

Anasema: Mwanangu, sijambo.

Anasema: mambo ya barabara usiyabebe peke yako. Mimi niliendesha gari la maji miaka thelathini bila kuandikwa kosa hata moja. (Nimemwambia siku hizo hapakuwa na kamera. Anasema palikuwa na askari mmoja mnene aliyekuwa mbaya kuliko kamera, maana huyo alikuwa anakula. Haya.)

Anasema: mdogo wako anahangaika. Anaondoka kabla ya jua na kurudi amelowa vumbi. Akiniambia amekwenda mtaa wa juu na kurudi, mimi kwa muda huo ningefika mkoa mwingine, nikala, nikarudi. (Sikubaliani, lakini karani hana kura.)

Anasema: ulipomwandikia awe mwangalifu ulisema kweli, ila naona sasa anaogopa kamera kuliko watu. Juzi mama jirani aliomba ampeleke kliniki na mtoto, akampeleka kwa kuzunguka machimbo, mtoto akatapika njia nzima. (Alitapika mara mbili. Njia nzima ni chumvi.)

Anasema nisiandike kuhusu nzi weusi anaowaona upande wa kulia tangu Jumapili, kwa sababu ni wachache na labda ni uchovu wa kusoma. Basi sijaandika.

Anasema: ukipata nafasi lala. Kazi haitakimbia.

Anataka kutia sahihi mwenyewe. Ngoja nimpe kalamu.

Baba

Ni mimi tena. Ile herufi ya mwisho imetoka nje ya karatasi na kuandika shuka. Mzee anacheka. Kuhusu neno moja uliloomba: nafasi imekwisha, karatasi imejaa.

Karani


11 Aprili, usiku

Mdogo wangu,

Gari la mafuta limeondoka saa tisa, na mimi nilikuwa kilomita ishirini mbele na greda. Barua nimeikuta kitandani niliporudi. Hii itaondoka Ijumaa ijayo, na hilo ndilo linaloniua.

Nzi weusi, umeandika kwa mzaha. Tangu Jumapili. Unakumbuka la kushoto lilianzaje? Lilianza na nzi.

Nimekwenda kwa msimamizi kuomba redio. Akauliza, mgonjwa ameanguka? Nikasema hapana, anaona nzi. Akanitazama, akasema redio ni ya dharura. Nimesimama mlangoni pake kama mtu aliyesahau alichofuata, halafu nimerudi.

Kwa hiyo nakuandikia huku nikijua utaisoma baada ya Jumatano, siku ambayo daktari wa macho yupo. Naomba uwe umeshampeleka. Naomba uwe na akili hata bila mimi. Lakini kama utakuwa hujampeleka, nakwambia hivi, nami nimelifikiria juu ya mtambo siku nzima: pita popote. Pita mbele ya Shangazi, pita mbele ya Pacha, wapungie mkono. Leseni wakiisimamisha waisimamishe. Miezi sita nitauza chochote. Leseni naweza kuisubiri. Jicho halisubiri, na limebaki moja.

Nilikutisha mno ile barua ya kwanza. Nilikuwa nimechoka. Hata sasa nimechoka, lakini hili nalisema nikiwa macho.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Salamu nyingi. Huku mvua imenyesha kidogo na vumbi limelala, kwa hiyo mtu anaweza kuona ninavyopendeza. Magodoro yanauzika. Mwenye duka anataka kuninunulia koti lenye jina la duka mgongoni, nimemwambia jina langu liwe juu, la duka chini.

Kamera ni zilezile kumi na moja, hawajaongeza. Sijapigwa picha. Hesabu yako bado ni mbili, kama ulivyoiacha. Leseni iko salama kabisa. Nilitaka ulijue hilo.

Jana Jumatano tulikwenda hospitali kwa ajili ya wale nzi. Daktari wa macho hatukumkuta. Wamempa Mzee kitanda na ataonwa Jumatano ijayo. Amelazwa kifudifudi, ndivyo wanavyotaka. Muuguzi ni mpole. Kitanda kiko karibu na dirisha.

Hakuandika mstari wake leo kwa sababu alikuwa amelala nilipoondoka.

Nalala pale kwenye benchi la ukumbini. Si baya. Ningewauzia godoro.

Mdogo wako


18 Aprili

Hukuandika Rubani. Umeandika "mdogo wako" tu.

Gari la mafuta linasubiri, dereva amenipa dakika mbili na anapiga honi. Ile barua nyingine ninayoituma leo nimeiandika wiki iliyopita, isome kwanza.

"Hatukumkuta" maana yake nini? Daktari huja kila Jumatano, hukaa mpaka saa kumi jioni. Mlifika saa ngapi? Pazia limeshuka au bado ni nzi?

Nijibu kama mtu mzima.

Dada


24 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni muuguzi wa wodi hii, amekubali kunisaidia baada ya zamu yake. Mdogo wako nimemtuma akaoge na kubadilisha nguo. Amekaa hapa wiki nzima na nguo zilezile na hataki kuondoka.

Jana nimefanyiwa upasuaji. Daktari amefanya alichoweza. Anasema lile pazia la ndani ya jicho lilikuwa limeachia lote kwa wiki nzima, hata pale katikati panaposomea, na likishaachia hivyo hata ukilirudisha halioni kama zamani. Naona mwanga. Naona dirisha liko wapi. Mtu akisimama kati yangu na dirisha najua kuna mtu. Muuguzi huyu ni mrefu, hilo nimeliona. Anacheka anapoliandika.

Usije. Maliza mkataba wako. Nimeuliza, bima imelipa yote, na hiyo ni kazi ya mikono yako. Bila wewe nisingekuwa kwenye shuka safi.

Siku ile daktari aliondoka mapema. Alikuwa na safari. Ni bahati mbaya tu, hakuna mwenye kosa. Kijana alinileta upesi alivyoweza. Usimgombeze, haongei siku hizi, hata mzaha amekauka, na nyumba isiyo na kelele zake mimi sitaiweza sasa kwa kuwa kelele ndizo zitakazoniongoza.

Nimeambiwa nitie sahihi hapa ambapo kidole changu kimewekwa.

Baba


1 Mei

Dada,

Nimeanza barua hii mara nne. Tatu zilianza kwa majigambo, nimezichana.

Barua zako mbili zilifika siku moja, Ijumaa ile ya tarehe 18. Ya wapungie mkono niliisoma nikiwa kwenye benchi la hospitali. Sikuwa na pa kuitia, nikaikalia.

Neno moja uliloomba ni hili: halikupita. Nililipeleka gari ukaguzi tarehe 27 Machi, siku ileile niliyokuandikia uniachie mimi. Likafeli kwa moshi. Mkaguzi akasema nikatengeneze nozeli za kupulizia mafuta nirudi. Sikurudi. Nilijiambia mwenye ramani yangu anahitaji stika ya nini. Kwa hiyo kuanzia tarehe mosi Aprili, kamera yoyote ambayo ingesoma kibao ingekuandikia alama ya tatu, nami nilijua. Ndiyo maana siku ileile njia ikaongezeka dakika tano. Ule haukuwa usalama.

Jumatano yenyewe nilikuwa mtaa wa juu na magodoro. Nimerudi nyumbani saa tisa u nusu. Mzee amekaa mlangoni, mikono magotini, akasema, "Pazia linashuka, mwanangu. Lilianza mchana. Limefika nusu." Hakupiga kelele. Alikuwa ameshavaa viatu, ila vya jozi tofauti.

Nilimpakia. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano, niliitazama saa ya gari. Kutoka nyumbani mpaka hospitali kwa barabara kuu ni robo saa, nawe unajua. Ni kupita kwa Pacha na kwa Shangazi, basi. Pale kwenye kona alikuwepo hata mwenye teksi mmoja, ameegemea mlango anakula karanga, na akanisalimia. Ningeweza kumwambia tu, mchukue Mzee. Sikumwambia. Nilifikiri, nani ataujua mji huu kunizidi mimi? Leo ndiyo nitaonyesha. Nitaokoa jicho na leseni kwa safari moja, halafu nikuandikie barua ndefu.

Nikakata kushoto, njia ya machimbo.

Nilikwenda mbio, Dada. Sijawahi kuendesha vile. Lakini kwa wauza mbao lori lilikuwa linashusha, nikasubiri. Kwenye kichochoro nikashuka kukunja vioo. Mzee alikuwa amefunika jicho kwa kiganja kama mtu anayelinda mshumaa. Kila shimo aliinamisha kichwa. Aliuliza mara moja tu, "Tuko wapi?" Nikamwambia, tunakaribia. Akageuza sikio dirishani, akasema, "Nasikia kokoto." Mtu aliyeendesha gari la maji miaka thelathini anajua barabara kuu haina kokoto.

Baba amekwambia daktari aliondoka mapema, alikuwa na safari. Ile barua muuguzi alinisomea mwenyewe, akidhani itanifariji. Nilimwacha amalize.

Daktari hakuondoka mapema. Aliondoka saa kumi kamili, kama Jumatano zote. Sisi tulifika saa kumi na dakika ishirini na tano. Nilimuuliza yule muuguzi kama tungemkuta ingekuwaje. Akasema akipata mgonjwa wa dharura haondoki, hubaki mpaka amalize, na kwa pazia lililofika nusu angewahi.

Leseni yako ina alama mbili. Sikupigwa picha. Njia nzima hakuna kamera hata moja iliyotuona.

Nilizunguka, Dada. Mzee anajua, na bado hajaniambia kitu.

Mdogo wako